Kuzika hewa ya ukaa: Je, mfugaji wa Garissa ameulizwa?

MKAZI wa Waberi, mjini Garissa, hana haja ya kuhubiriwa kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Kati ya 2020 na 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya, mifugo ikaangamia. Mwishoni mwa 2023 zikaja mvua za El Nino, Mto Tana ukafurika.

Miongoni mwa tiba zilizowahi kupendekezwa na wanasayansi ni kuikusanya hewa ya ukaa viwandani na kuimwaga katika kilindi cha bahari. Chini ya kina cha mita 3,000 hivi, gesi hiyo iliyogandamizwa ikawa kimiminika huwa nzito kuliko maji ya bahari, hivyo huzama. Kasoro yake ni kwamba huyatia maji asidi na kuhatarisha viumbe. Isitoshe, baada ya karne kadhaa sehemu yake hurejea angani.

Marekani, Japani na Norway zilikusudia kuifanyia majaribio mbinu hiyo Hawaii, lakini mpango ukazimwa 2002 baada ya wenyeji kuupinga. Itifaki ya London, iliporekebishwa 2006, iliruhusu gesi hiyo ihifadhiwe katika miamba iliyo chini ya sakafu ya bahari, si katika maji yenyewe.

Swali la wenyeji wa Hawaii ndilo la wafugaji wetu: nani aliyeulizwa? Huku kaskazini, ghala la kaboni si bahari bali udongo wa malisho. Januari 2025, mahakama mjini Isiolo iliamua kuwa hifadhi za Biliqo Bulesa na Cherab zilianzishwa kinyume cha Katiba, bila umma kushirikishwa ipasavyo. Biliqo Bulesa ilikuwa sehemu ya mradi wa kuuza kaboni ya udongoni.

Sheria ya tabianchi iliyorekebishwa 2023 inaitengea jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya miradi ya ardhini. Ni hatua njema. Hata hivyo, fungu hilo halina maana iwapo mikataba itatiwa saini kabla ya wazee, akina mama na vijana wachungaji kuelezwa kwa lugha yao ni malisho yapi yatakayofungwa, na kwa miaka mingapi.

Afrika huchangia sehemu ndogo mno ya gesi hizi. Isilipie uchafu wa wengine kwa ardhi yake. Wahenga walinena: asiyekuwepo na lake halipo.