Damu Huganda Kabla Mguu Haujauma

Sukari ikipanda ikakaa huko juu, damu huganda upesi.

Watu wengi hapa Ushirombo, mkoani Geita, wanazijua dalili za kisukari: kiu, kukojoa usiku kucha, macho kufifia. Habari ya kuganda hawajaambiwa.

Ini hutengeneza faibrinojeni, protini inayogeuka nyuzi za donge la damu. Sukari isipodhibitiwa, mara nyingi protini hiyo huzidi. Chembe sahani za damu nazo hunatana ovyo, na mwili hulegea katika kuyeyusha madonge. Maabara kubwa hupima faibrinojeni hiyo, na D-dima, yaani mabaki ya donge lililoanza kuyeyuka. Usisubiri vipimo hivyo. Tone la damu ya kidoleni, la kupima sukari, linatosha kuanzia.

Donge likiziba mshipa wa ubongo, ni kiharusi. Likiziba wa moyo, ni shambulio la moyo. Likiziba wa mguu, mguu unaweza kuoza.

Mchimbaji anashuka duarani na gambuti zake. Ndani ya moja mna kokoto. Sukari imeshamtia ganzi nyayoni, hasikii kitu. Jioni anavua, soksi ina damu. Kesho anavaa tena. Wiki ya pili kidonda kinanuka, na nyumbani wanasema amekanyaga kitu. Kweli amekanyaga: kokoto. Sasa damu haifiki kidondani, dawa itafikaje? Hapo ndipo neno kukata linapotajwa.

Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2012 ulikuta kisukari kwa takribani watu 9 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Wengi hawajijui. Na sukari wanazidi kuinywa: pita makarashani, kwenye mashine za kusaga mawe, mchana uhesabu chupa za soda.

Pima.

Nenda kituo cha afya asubuhi, hata chai hujanywa. Sukari ikisoma 7.0 mmol/L au zaidi, kipimo kirudiwe siku nyingine. Ikirudi vilevile, ni kisukari. Ukipewa dawa, usiziache kwa kuwa umepata nafuu. Nafuu hiyo ndiyo kazi ya dawa yenyewe. Panapopatikana kipimo cha HbA1c, kiulizie: kinaonyesha sukari ilivyokaa kwa miezi miwili hadi mitatu. Wengi huambiwa wabaki chini ya asilimia 7.

Aspirini ya dukani usijianzishie eti unalainisha damu. Inaweza kuchubua tumbo, ukavuja damu ndani kwa ndani. Daktari ndiye aamue.

Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukikosa nguvu, maneno yakivurugika, huenda ni kiharusi: tafuteni gari saa hiyohiyo. Mgonjwa msimpe chakula wala maji. Msingoje kukuche.

Kidonda cha mguu, hata kidogo kama punje ya mchele, kionwe na mganga wa kituo siku hiyohiyo.

Na gambuti zikung'ute kabla hujaingiza mguu.