Kwata ni Elimu ya Utii na Subira
Kijana wa Sakina, hapa Arusha, aliyehitimu kidato cha sita, akaitwa kambini na Jeshi la Kujenga Taifa, iwe Oljoro hapa jirani au Mafinga kule Iringa, aghalabu hudhani kwamba kwata ni jambo hafifu la kutembea tu. Lakini atakaposimama uwanjani alfajiri, visigino vimegusana, ngumi zimebana mapaja, macho mbele, akiingojea amri, ndipo atakapobaini kuwa mguu sawa, mguu pande na nyuma geuka vyahitaji akili iliyotulia zaidi ya misuli. Amri huja kwa sehemu mbili, ya kutahadharisha kisha ya kutenda, na siri yote ya gwaride imo katika nafasi ile fupi iliyo baina ya sehemu hizo, ambamo mwenye pupa huaibika na mzembe huachwa nyuma. Jeshi hilo liliasisiwa tarehe 10 Julai 1963, na mafunzo yake ya lazima, yaliyositishwa mwaka 1994, yalirejeshwa mwaka 2013. Basi, enyi wazazi, msiwatafutie wana wenu udhuru. Nanyi vijana, nendeni mkajifunze kusikiliza kabla ya kutenda, kwani taifa laihitaji mno adabu hiyo.