Nani Aliiangusha R ya Kiingereza?

Waweke pamoja watu wawili waliosoma, mmoja atamke "schedule" kwa sh na mwenzake kwa sk, uone. Huyu ataambiwa anajifanya Mmarekani, yule ataambiwa bado yuko ukoloni. Mabishano haya yapo vibarazani, redioni na kwenye vyumba vya walimu, na karibu kila mara husimama juu ya madai yaleyale. Mengi kati ya hayo hayana miguu.

La kwanza ndilo linalopendwa zaidi: kwamba Waingereza ndio wenye lugha yao, na Wamarekani wameiharibu. Tulipime kwa herufi moja, r. Mkazi wa London akisema "car" utasikia "kaa", na "hard" kwake ni "haad". Mtu wa Chicago huitamka r hiyo waziwazi, na wengi wetu hudhani ameiongeza yeye. Sivyo. Waingereza walipoanza makazi yao Virginia mwaka 1607, r ilisikika karibu Uingereza nzima, na walivuka nayo bahari. Ilikuja kufifia baadaye, na ilififia London kwenyewe. Mwaka 1791 John Walker, mwigizaji aliyegeuka mtunga kamusi, aliandika kwamba katika maneno kama "card" Walondon walibakiza kitu kisichozidi sana a iliyorefushwa. Katika karne ya 19 tabia hiyo ikawa alama ya mtu aliyelelewa vizuri. Kwa hiyo aliyebadilika hapa ni mji mkuu. Uskoti, Ayalandi na mashamba ya kusini-magharibi mwa Uingereza waliendelea na r yao, na wengi wanayo hadi leo.

A ndefu ya "bath", inayohesabiwa kuwa Uingereza halisi, nayo ilienea kusini katika karne ya 18. Nenda Leeds au Manchester uisikie ile fupi, kama ya Mmarekani. Na "herb"? Wamarekani huitamka bila h kwa sababu ndivyo ilivyotamkwa zamani, neno likiwa limetoka Kifaransa. Ni Waingereza waliokuja kuitia h midomoni katika karne ya 19, wakifuata maandishi.

Hapo wapenzi wa Marekani huruka na dai lao: basi Mmarekani ndiye anayesema kama Shakespeare! Hilo nalo ni kutia chumvi. Mwaka 2004 ukumbi wa Globe jijini London uliigiza Romeo and Juliet kwa matamshi ya zama za mwandishi, yaliyoundwa upya kwa msaada wa mwanaisimu David Crystal, na matamshi hayo hayakuwa ya New York wala ya BBC. Wamarekani wengi wameitunza r, lakini t ya "water" wameilainisha hadi inakaribia r yetu, na mamilioni ya Wamarekani hawatofautishi tena "cot" na "caught", maneno ambayo Mlondon huyatenganisha bila taabu. Kila upande umetunza hiki na kuacha kile.

Dai jingine husema Uingereza ina Kiingereza kimoja, kile cha mtangazaji wa BBC. Mtaalamu wa matamshi Daniel Jones alipochapisha kamusi yake ya matamshi mwaka 1917, hakuficha kwamba alichokieleza ni usemi wa familia zilizopeleka watoto wao kwenye shule za bweni za kitajiri. Katika miaka ya 1970 mwanaisimu Peter Trudgill alikadiria kwamba wanaosema hivyo walikuwa kama asilimia 3 tu ya Waingereza. BBC iliunda kamati ya matamshi mwaka 1926, ikiongozwa na mshairi Robert Bridges kisha na George Bernard Shaw, ambaye, ajabu, alikuwa mzaliwa wa Dublin. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1941, Wilfred Pickles wa Yorkshire aliwekwa kusoma habari kwa lafudhi yake ya kaskazini. Malalamiko yalimiminika. Habari zilikuwa zilezile. Kilichowakera wasikilizaji ni irabu.

Kisa hicho ndicho kinachonifanya nishuku kila anayezungumzia lafudhi "safi". Mwaka 1962 kijana mmoja mtafiti, William Labov, aliingia katika maduka matatu makubwa ya New York: Saks la matajiri, Macy's la watu wa kati na S. Klein la bei nafuu. Aliwauliza wahudumu mahali bidhaa fulani ilipo, akijua iko ghorofa ya nne, ili wamjibu "fourth floor", maneno yenye r mbili. Kisha alijifanya hakusikia, warudie. R zilisikika zaidi Saks, zikapungua Macy's, na S. Klein zikawa chache kabisa. Wakati huo New York, kuitamka r ilikuwa dalili ya hadhi. London ni kinyume chake: anayeitamka hudhaniwa mkulima aliyeshuka mjini. Sauti ni moja. Sasa mwenye kusema kwamba sauti fulani ni chafu kwa asili yake atueleze inakuwaje uchafu huo usafike kwa kuvuka Atlantiki.

Wapo wanaosema tuache ubishi, tutamke kama ilivyoandikwa. Dai hili lina mvuto kwa sisi tuliozoea maandishi yanayosema kweli. Kiingereza hakikupata bahati hiyo. William Caxton alianza kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476, wakati irabu ndefu za lugha hiyo zilikuwa bado zinahama. Tahajia ikaanza kuganda, ndimi zikaendelea na safari. Ndiyo maana "knight" ina k ambayo haisemi kitu. Leicester ni "Lesta", ukipenda usipende. Nchini Marekani, bunge la jimbo la Arkansas lililazimika kupitisha azimio mwaka 1881 kwamba jina la jimbo litamkwe "Arkanso", s ya mwisho isisikike, ilhali Kansas iliyo karibu huitamka s yake.

Eti filamu na televisheni zitafuta lafudhi zote? Atlasi ya Kiingereza cha Amerika Kaskazini, iliyotolewa na Labov na wenzake mwaka 2006, ilionyesha miji ya Chicago, Detroit na Buffalo ikizidi kuachana na miji mingine kwa irabu. Ni kweli kwamba katika baadhi ya miji hiyo vijana wameanza kurudi nyuma, lakini dai la kwamba kila mtu ataishia kusema kama Hollywood bado halijapata ushahidi.

Limebaki linalotugusa: kwamba Kiingereza cha Mwafrika Mashariki ni makosa matupu. Wengi wetu tukisema "first" husikika kama "fast", na "work" kama "wak". Chanzo chake kinajulikana: irabu zetu ni tano, na za Kiingereza ni nyingi zaidi, hivyo kadhaa hulazimika kukaa chumba kimoja. R tuliipokea kama ilivyoletwa. Fundi husema gia na spea, karani anakupa fomu na kadi, dukani unanunua shati. Kiswahili hakina tatizo na r, hivyo kama wengi waliotuletea maneno hayo wangeitamka, pengine tungeibakiza.

Je, "first" na "fast" zikilingana msikilizaji hatachanganyikiwa? Mara nyingine atachanganyikiwa, na mwalimu ana haki ya kulifanyia kazi, hasa kwa mwanafunzi atakayewaongoza watalii au kuzungumza na marubani. Ila achunge asiliite jambo hilo ujinga wa Kiafrika. Liverpool wako wengi wanaotamka "fair" na "fur" sawasawa. Kusini mwa Marekani "pin" na "pen" ni kitu kimoja, hata watu wakalazimika kuuliza kama unataka ya kushonea au ya kuandikia. Na Nyuzilandi wako wengi ambao "beer" na "bear" kwao hazina tofauti, nao huagiza bia yao baa bila kuletewa dubu.