Adabu ya Kupima Presha Nyumbani

Miongoni mwa vyombo vilivyoingia majumbani mwetu katika miaka ya karibuni, hapana kimoja kilichopokewa kwa heshima kubwa na kutumiwa kwa elimu ndogo kama mashine ya kupimia presha. Aghalabu huletwa na mtoto aliye mbali, Dar es Salaam, Maskati au Uingereza, ambaye, kwa kuwa riziki imemweka huko na hawezi kumtazama mzazi wake kila siku, hununua kitu kitakachomtazama kwa niaba yake; au hununuliwa duka la dawa jioni ile ile daktari alipotamka kwamba damu imepanda, wakati mgonjwa na jamaa zake wangali katika fadhaa. Sanduku hufunguliwa, betri hutiwa, mkanda hufungwa mkononi, namba hutokea, na karatasi ya maelezo hutupwa pamoja na sanduku.

Sikusudii kukibeza chombo hiki. Maradhi ya shinikizo la damu kwa kawaida hayana dalili. Mtu huweza kuishi nayo miaka mingi akijiona mzima, ilhali yanadhuru moyo, figo na mishipa ya ubongo, hata siku ya kiharusi ndipo jamaa huulizana yalianza lini. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye maradhi haya hawajui kuwa wanayo. Tena wako watu ambao mbele ya daktari namba zao huwa nzuri, na nyumbani huwa mbaya, nao wasipopimwa nyumbani hawatajulikana kamwe. Kwa hiyo kupima nyumbani ni jambo jema na lenye manufaa. Ninalolilalamikia ni kwamba tunampa mgonjwa mashine bila ya kumpa adabu ya kuitumia, na adabu hiyo, pamoja na kumfundisha wakati wa kupima, haina budi kumfundisha wakati wa kutopima.

Hofu ina kazi yake mwilini. Mtu anapotishika, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu, moyo hupiga kwa haraka na kwa nguvu, mishipa midogo hujibana, na shinikizo hupanda papo hapo. Jambo hili limepata ithibati zamani. Mwaka 1983 tabibu wa Kiitaliano, Giuseppe Mancia, pamoja na wenziwe, walitangaza katika jarida la Lancet habari za wagonjwa waliotiwa mrija mwembamba ndani ya ateri, ukawa unaandika shinikizo la damu yao mfululizo; na ilionekana kwamba daktari alipofika kitandani kuwapima, namba ya juu ilipanda kwa wastani wa takriban milimita 27 za zebaki, kisha ikawa inashuka tena kadiri dakika zilivyopita. Ujio wake tu ulitosha. Ni kwa sababu hiyo pia kwamba kiwango cha hospitali, ambacho kwa madaktari wengi ni 140/90, nyumbani huteremshwa hadi 135/85, kwa kuwa hutazamiwa kwamba mtu aliye kwake ametulia zaidi.

Lakini yuko mtu asiyetulia hata kwake, kwa kuwa mashine yenyewe ndiyo imekuwa daktari wa kuogopwa. Nilimwona mama mmoja, jirani yetu, mwenye subira katika mambo yote mengine, akipima saa tatu ya usiku huku amezungukwa na jamaa zake. Mkanda ulivimba, ukasita, kisha ukavimba tena kwa nguvu zaidi, kama ifanyavyo mashine ambayo haikutosheka na upepo wa kwanza, naye akafumba macho akidhani kwamba ukali ule ni dalili ya ubaya wa damu yake. Mjukuu akasoma kwa sauti, "Bibi, mia hamsini na mbili kwa tisini na moja." Mtu mmoja akavuta istighfari, wa pili akataja kitunguu saumu, wa tatu akasema kwamba yote haya ni kwa sababu ya ule mchuzi wa nazi wa mchana. "Pima tena, mjukuu wangu," akasema yule mama, "hii si yangu." Ikapimwa tena pale pale, ikawa 164. Ikapimwa mara ya tatu, ikawa 171, na ngozi ya mkono ilikwisha kuwa nyekundu. Simu ikalia: mwanawe aliye Ughaibuni akiuliza namba ya leo, kama aulizavyo kila jioni. Palikuwa na aliyeshauri kidonge cha pili, na lau si binti yake aliyekataa katakata, kingemezwa. Asubuhi, baada ya usingizi, namba ilikuwa 138 kwa 84. Mimi sina shaka kwamba kilichopanda usiku ule kwa sehemu kubwa kilikuwa ni hofu, na kwamba tuliokuwa pale tuliichochea.

Kidonge kile cha ziada kilinitisha kuliko namba. Kuishusha damu kwa ghafla, pasipo amri ya daktari, huweza kuunyima ubongo na moyo damu vinayoihitaji, na mzee aliyefanyiwa hivyo huinuka kitandani alfajiri akashikwa na kizunguzungu, akaanguka, akavunjika nyonga. Kosa hili lina pacha wake: mwingine huona 118 siku mbili mfululizo, akafurahi, akaweka dawa kabatini akiamini kwamba amepona, asitambue kwamba namba ile nzuri ni kazi ya dawa yenyewe. Wote wawili wameiacha namba moja iamue jambo ambalo si haki yake kuliamua, kwa kuwa shinikizo la damu halisimami mahali pamoja. Hubadilika kwa kila pigo la moyo, hushuka usingizini, hupanda kwa maneno, kwa baridi, kwa ngazi, kwa maumivu na kwa habari za msiba.

Basi adabu ya kupima ni hii. Kwa nusu saa kabla yake mtu asinywe kahawa wala chai kali, asitumie tumbaku ya namna yoyote, asifanye kazi nzito. Aende msalani kwanza, maana kibofu kilichojaa hupandisha namba. Akae juu ya kiti chenye egemeo, si ukingoni mwa kitanda, miguu yote miwili ikiwa chini wala asiipandanishe, mkono ukiwa juu ya meza hata mkanda uwe sawa na moyo. Mkanda ufungwe juu ya ngozi, usifungwe juu ya mkono wa kanzu, nao uwe wa kadiri ya mkono wake, kwani mkanda mdogo kwa mkono mnene huongeza namba ya uongo, na nina hakika wako watu wanaokosa usingizi kwa sababu ya mkanda tu. Kisha akae kimya dakika tano. Mtu akipimwa asizungumze, wala asizungumzishwe. Ndiyo maana baraza lile la usiku nililolieleza lilikuwa ni mahali pabaya kuliko pote pa kupimia.

Na wakati wake una mpaka. Desturi inayofuatwa na matabibu wengi ni kupima kwa muda wa siku 7, mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, kukiwa na dakika moja kati ya kipimo na kipimo. Mathalani, baada ya sala ya alfajiri kabla ya dawa na kifungua kinywa, na tena jioni kabla ya chakula cha usiku. Namba zote huandikwa katika daftari kama zilivyotoka, nzuri na mbaya, bila ya kuchagua, kisha zile za siku ya kwanza huachwa, kwa kuwa siku hiyo aghalabu hofu bado ni mpya, na zilizobaki hutafutiwa wastani. Wastani huo ndio wa kumpelekea daktari. Baada ya hapo mashine hurudi kabatini mpaka siku aliyoiagiza yeye, na anayeitoa usiku wa manane kwa sababu moyo umemwenda mbio hapati elimu yoyote isipokuwa kujua kwamba ana hofu, jambo ambalo alilijua kabla ya kufunga mkanda.

Iko hali moja ambayo haingoji daftari. Namba ikifika 180 kwa 120 au zaidi, na pamoja nayo yapo maumivu ya kifua, pumzi kukatika, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, ulimi kuwa mzito, macho kupoteza nuru au kichwa kuuma mno, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Na dalili za kiharusi zikionekana, apelekwe hata kama namba ni ndogo. Ikiwa namba hiyo imetokea lakini dalili hakuna, mtu apumzike, apime tena baada ya dakika chache, na ikibaki pale pale awasiliane na daktari siku hiyo, wala asijiongezee dawa.

Nimewahi kusikia wenye wasiwasi wa namna hii wakiambiwa "acha kuogopa", kana kwamba hofu ni nguo ya kuvua. Haki yao ni kusikilizwa na daktari kama vile damu yao inavyosikilizwa. Kwa baadhi yao itafaa zaidi kupimwa na muuguzi wa zahanati kwa zamu zilizopangwa, au kuvalishwa kipimo cha saa 24 mahali kipatikanapo, na mashine ya nyumbani iondolewe kabisa; na wengine wasiwasi wao umekwisha kuwa maradhi yenyewe, yenye matibabu yake.

Wenye maduka ya dawa nawasihi wasimkabidhi mtu mashine kabla ya kumfunga mkanda wao wenyewe mara moja na kumwandikia siku zake za kupima. Na wewe uliyempelekea mama yako kipimo kutoka ng'ambo, umefanya hisani kubwa. Basi itimize kwa kumpa ruhusa ya kutopima kila siku, na jioni ukimpigia simu mwulize amekula nini na amelalaje, namba mwachie daktari wake.