Alama 9.8, Msomaji Sifuri

Tuanze na bei, maana wenyewe huanza hapo. Mwezi wa nne mwaka 2024, kampuni ya mnada ya Heritage ya Dallas, Marekani, iliuza nakala moja ya Action Comics namba 1 kwa dola milioni 6. Ni kijarida cha katuni cha mwaka 1938, kile kilichomleta Superman duniani, na kilipotoka kiliuzwa senti 10. Nakala hiyo imefungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki, juu yake pana lebo iliyoandikwa 8.5. Aliyeinunua hawezi kuisoma. Yaani kuweza anaweza, mali ni yake, lakini akivunja kasha tu ile 8.5 inakufa papo hapo, na sehemu ya pesa zake inakwenda nayo.

Nimewaona watu wa fasihi, tena watu ninaowaheshimu, wakishangilia bei kama hizo. Eti hatimaye katuni zimepata heshima yake. Mimi nasema hapana. Biashara hii ya kupima vitabu na kuvifungia imechukua kitu kilichotengenezwa kisomwe na kukigeuza noti ya benki yenye picha nzuri. Wapenzi wa vitabu tukiishangilia, tunashangilia mazishi.

Kwa ambao hamuufahamu mchezo wenyewe, unakwenda hivi. Una kitabu chako cha katuni. Unakituma kwa kampuni ya upimaji, na kubwa kuliko zote ni CGC ya Sarasota, Florida, iliyoanza kazi mwaka 2000. Pale wataalamu wanakikagua: kona zimekaaje, mgongo una mikunjo mingapi, pini zimeshika kutu au la, karatasi bado nyeupe au imeanza kuwa njano. Wanahesabu kurasa. Kisha wanakipa alama kati ya 0.5 na 10, wanakifunga, wanakurudishia. Lebo ya bluu maana yake kitabu hakina doa la kukitilia shaka, ya zambarau maana yake kimekarabatiwa, ya njano maana yake kimesainiwa mbele ya shahidi wao. Mpimaji ndiye mtu wa mwisho kufunua kurasa zile, naye hakulipwa azisome.

Angalia kinachopunguza alama. Mkunjo wa mgongoni, ambao hutokea kitabu kinapofunguliwa. Alama ya kidole. Jina la mtoto lililoandikwa kwa kalamu kwenye jalada ili kaka yake asikiibe. Kona iliyolegea kwa sababu kitabu kilikaa kwenye begi la shule. Kila dalili kwamba binadamu alipita hapa na akafurahi imeandikwa kwenye daftari la hasara. Kitabu kinachokaribia 10 ni kile ambacho hakijampata mtu. Sasa wewe mpenzi wa fasihi niambie, hicho ni kipimo cha nini?

Mfano unaonikera kuliko yote ni The Incredible Hulk namba 181, toleo la Novemba 1974, ambamo Wolverine anaingia kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu wake. Mwaka huo Marvel walikuwa na mchezo na wasomaji wao. Kwenye ukurasa wa barua walichapa stempu ndogo, na mtoto aliambiwa akate, abandike kwenye albamu, akusanye zote 100. Stempu ya namba 181 ilikuwa na picha ya Shanna. Watoto wakatii. Wakachukua mikasi, wakakata, wakabandika, na jarida likafanya kazi yake yote, ya hadithi na ya mchezo. Leo nakala iliyokatwa stempu mara nyingi hupewa lebo ya kijani, maana yake kitabu kina kasoro, na bei yake huanguka vibaya. Mtoto aliyefanya sawasawa na alivyoambiwa na mchapishaji ndiye anayehesabiwa mharibifu. Aliyenunua akaweka kabatini bila kugusa ndiye shujaa. Jamani.

Najua watakachosema, kwa hiyo nisiwakwepe. Hoja yao ya kwanza ni ya kweli. Kabla ya upimaji kulikuwa na wizi mwingi. Muuzaji alikuambia kitabu ni kizuri kama kipya, ukipokea unakuta jalada limepakwa rangi kufunika michubuko, kingo zimepunguzwa kwa wembe, au ukurasa mmoja umetolewa kwenye nakala nyingine. Biashara ilipohamia kwenye intaneti, mtu akawa ananunua kwa asiyemjua kitu asichokishika, na akahitaji mtu wa tatu wa kusema ukweli. Sawa. Lakini uaminifu huo ulihitajika kwa vitabu vichache vya zamani vya bei kubwa. Haukuhitajika kwa kitabu kilichotoka Jumatano iliyopita.

Na huko ndiko mchezo ulikofika. Mtu ananunua nakala mpya dukani, hafungui, anaziangalia kwenye mwanga kutafuta mikwaruzo, anazituma kupimwa. Kuna hata huduma ya kuchuja: unaiambia kampuni usifunge chochote kisichofika 9.8. Wachapishaji nao wameshajua mteja wao ni nani. Wanatoa toleo moja kwa majalada mengi tofauti, na mengine muuzaji wa duka hayapati mpaka aagize nakala 25 za kawaida, au zaidi. Kwa hiyo anaagiza asizozihitaji ili apate jalada moja la kumuuzia mkusanyaji. Hadithi ndani ni ile ile. Inaweza kuwa mbovu kupindukia, haijalishi, kwa sababu hakuna atakayejua.

Tulishawahi kuona filamu hii. Mwaka 1991 X-Men namba 1 iliuza nakala zaidi ya milioni 8, nyingi kwa watu walionunua tano tano wakidhani watasomeshea watoto. Mwaka uliofuata Superman akauawa kwenye toleo namba 75, na nakala zikauzwa ndani ya mfuko mweusi uliofungwa. Wengi hawakuufungua mpaka leo! Desemba 1996 Marvel ikaomba ulinzi wa kufilisika. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini hii ilikuwemo: waliuza karatasi kwa wawekezaji, na wawekezaji walipoondoka hawakuacha msomaji nyuma yao.

Hoja ya pili ni kwamba kasha linahifadhi. Hapa ndipo wanapowapata wengi wetu, kwa sababu sisi tunajua maumivu ya kupoteza. Sani ilisomwa nchini Tanzania hadi ikachanika, kwa kinyozi, kwenye mabasi, mabwenini. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo, na kurasa ngapi za magazeti yale ziliishia kufungia maandazi? Kwa hiyo mtu akitaja uhifadhi, masikio yetu yanasimama. Lakini uhifadhi kwa ajili ya nani? Billy Ireland, ile maktaba ya katuni ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio iliyoanza mwaka 1977, inahifadhi. Maktaba ya Bunge la Marekani inahifadhi mkusanyiko mkubwa mno wa katuni. Wanatumia masanduku yasiyo na asidi, chumba chenye baridi na giza, na mkutubi anayekuangalia ukifunua. Karatasi inalindwa na bado inasomeka. Waliozizika ndani ya plastiki hawajavumbua njia bora kuliko hiyo.

Tena vitabu bora kabisa sokoni havikuokolewa na plastiki. Mkusanyiko maarufu wa Edgar Church wa Colorado, ulionunuliwa mwaka 1977, ulikuwa umerundikwa tu nyumbani kwa mzee katika hewa kavu. Novemba 2025 nakala ya Superman namba 1 ya mwaka 1939 iliuzwa dola milioni 9.12, na ilikuwa imekutwa na ndugu watatu darini kwa mama yao marehemu, ndani ya boksi, chini ya magazeti ya zamani. Zaidi ya miaka 80, na magazeti makuukuu ndiyo yaliyoilinda. Kasha lilikuja baadaye kudai sifa.

Wengine husema, "Hadithi ipo, nenda kanunue chapa mpya." Hili linanishangaza likitoka kwa watu wa vitabu. Chapa mpya ya Action Comics namba 1 mara nyingi ni kurasa 13 za Superman basi. Wenzake waliokuwemo, pamoja na mwanamazingaombwe Zatara aliyezaliwa katika toleo lile lile, wanaachwa nje. Matangazo yanaachwa. Barua za wasomaji, ambazo kwangu ni nusu ya utamu wa majarida ya miaka ya sitini, katika matoleo mengi ya vitabu zinaachwa pia. Fantastic Four namba 20 ya mwaka 1963 ina barua ya kijana mmoja wa New Jersey anayewasifu wachapishaji bila breki. Jina lake George R. R. Martin. Huo ni ushahidi wa jinsi mwandishi anavyoanza, na umo kwenye kurasa ambazo kasha linazifunga.

Na hata hilo kasha si takatifu kama linavyouzwa. Mwanzoni mwa mwaka 2024 CGC wenyewe walitangaza kwamba kuna mtu alitumia huduma yao ya kubadilisha makasha yaliyoharibika kuingiza vitabu hafifu chini ya lebo za alama za juu. Mamia ya makasha yakatiliwa shaka. Hebu fikiria: wanunuzi hawakugundua, kwa sababu hawaruhusiwi kugusa walichonunua. Kundi hilo hilo la kampuni lina huduma ya kupiga vitabu pasi ili mikunjo ipotee kabla ya kupimwa. Mkono mmoja unanyoosha, mwingine unatoa alama. Mwaka 2021 mfuko wa uwekezaji wa Blackstone ulinunua hisa nyingi za kampuni mama. Watu wale hawakuingia pale kwa mapenzi ya Hulk.

Kuhusu heshima, nimalizie hapo maana ndipo nilipokerekea. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa Cleveland waliomtunga Superman, waliuza haki zao mwaka 1938 kwa dola 130. Mpaka mwaka 1975, wakiwa wazee wenye shida, ndipo walipopewa pensheni ya dola 20,000 kwa mwaka, tena baada ya kelele za umma. Hundi yenyewe iliyojumuisha zile dola 130 iliuzwa mnadani mwaka 2012 kwa dola 160,000. Soma tena. Karatasi ya malipo ya watunzi imeingiza pesa mara elfu moja na zaidi ya walicholipwa watunzi kwa Superman, na hakuna aliyekuwa hai kati yao kuona mnada huo.

Mwenye milioni 6 afanye atakavyo na milioni zake. Sisi tusimwazime neno letu. Asiitwe msomaji, na chumba chake kisiitwe maktaba. Na kama wewe unalo kasha moja nyumbani, la bei ndogo, lile ulilonunua kwa mkumbo, bisibisi bapa inatosha. Anzia kona ya juu, taratibu, usije ukachana jalada. Kisha keti usome, na ukifika ukurasa wa barua usiuruke.