Injini Ichemkayo na Hita Isiyotoa Joto

Barabara itokayo Nakuru kwenda Eldoret hupanda mpaka Timboroa, mahali palipoinuka kiasi cha mita 2,700 kutoka usawa wa bahari. Baridi ya huko yajulikana sana, na asubuhi ukungu huweza kuifunika njia hata dereva asione mbali. Hapo ndipo gari la zamani hudhihirisha afya yake. Si ajabu kuikuta pikapu ya siku nyingi, imejaa viazi, imesimama kando ya njia, boneti imeinuliwa na mvuke wapanda juu, na mwenyewe amejikunyata kwa baridi. Akiulizwa, atasema kuwa amepatwa na taabu mbili: injini imechemka, na hita haitoi joto tangu alfajiri. Kwa kweli taabu hizo aghalabu ni moja tu, na ile ya hita ilikuwa ikimwonya mapema juu ya ile ya injini.

Ili kulifahamu jambo hili, yafaa kujua njia ya maji ndani ya gari. Pampu huyasukuma maji yazunguke silinda na kuchukua joto lake, kisha yaende kwenye redieta yapozwe na upepo. Lakini sehemu ya maji hayo ya moto hupita katika mipira miwili midogo mpaka kwenye hita, chini ya dashibodi. Hita si kitu kingine ila redieta ndogo, yenye feni yake ya kupuliza hewa ya moto ndani ya gari. Kwa hiyo dereva ana vipimo viwili vya maji yake: mshale wa dashibodi, na hewa itokayo kwenye hita.

Vipimo hivi viwili vikisomwa pamoja, husema mengi. Mshale ukipanda na hita ikitoa hewa baridi, yawezekana sana kuwa maji yamepungua, au hewa imenaswa ndani ya mipira, au pampu haisukumi tena. Mshale ukikaa chini siku nzima na hita iwe vuguvugu tu, themostati haifungi, au imekwisha kutolewa. Mshale ukipanda na huku hita ni moto sana, maji yapo na yanazunguka, ila hayapozwi: hapo redieta, feni na mkanda wake ndivyo vya kutazamwa kwanza. Tena kuna udanganyifu mmoja uliowaponza wengi. Maji yakiisha kabisa, kipimo hubaki katika mvuke bila kuguswa na maji, na mshale huweza kushuka ghafla. Dereva hufurahi akidhani injini imepoa, kumbe inaungua.

Asubuhi, kabla ya injini kuwashwa, ndio wakati wa kuchunguza. Kifuniko cha redieta hufunguliwa ili kutazama kimo cha maji. Mkanda wa feni hubonyezwa kwa kidole gumba katikati. Ukibonyea zaidi ya unene wa kidole, umelegea. Chini ya pampu pana tundu dogo, na likiwa na alama za unyevu au kutu, pampu inavuja. Wadudu, nyasi na matope yaliyoziba matundu ya redieta huoshwa kwa maji yapigwayo kutoka upande wa injini kwenda nje. Na katika Peugeot 504, ambayo feni yake hushikwa na sumaku ya umeme injini ipatapo moto, hapana budi nyaya za sumaku hiyo zitazamwe pia.

Hita nayo hupimwa kwa mkono. Injini ikiisha kupata moto, huzimwa, na mipira miwili ya hita hushikwa kwa uangalifu. Yote miwili ikiwa ya moto, maji yanapita, na kosa li katika feni ya hita au katika mlango wa hewa. Mmoja ukiwa wa moto na wa pili baridi, hita imeziba kwa kutu, au bilula yake haikufunguka. Yote miwili ikiwa baridi ingawa injini ni moto, maji hayafiki, na hapo hewa iliyonaswa hushukiwa kwanza. Hewa hiyo hutolewa kwa kuliweka gari pua juu mlimani, injini ikiwa imepoa, kufungua bilula ya hita na kujaza maji polepole mpaka mapovu yaishe. Zulia likilowa na kioo kikaingia ukungu wenye harufu tamu ya kulanti, hita yenyewe inavuja. Mafundi wengine huiunganisha mipira miwili na kuiacha hita nje. Dawa hiyo yafaa kwa kumfikisha mtu nyumbani tu, kwani katika ukungu wa Timboroa dereva asiyeweza kukikausha kioo chake huendesha kama kipofu.

Kifuniko cha redieta hudharauliwa na wengi, na mlimani ndicho chenye kazi kubwa. Maji huchemka kwenye digrii 100 pale Mombasa, lakini kila mtu apandapo mita 300 hivi, kiwango hicho hushuka kwa digrii moja. Basi Timboroa maji yaliyo wazi huchemka kwenye digrii 91 tu, na themostati nyingi hufunguka kwenye digrii 82 hivi. Nafasi iliyobaki ni ndogo mno. Kifuniko kizima cha ratili 7 kwa inchi ya mraba huyabana maji yasichemke huko mpaka yafike kama digrii 105. Springi yake ikichoka au mpira wake ukipasuka, gari lililokuwa zima Mombasa litachemka Timboroa, na mwenyewe atalaumu injini bure.

Kuna desturi moja iliyoenea sana ya kuitoa themostati na kuitupa gari likichemka. Themostati ikikwama ikiwa imefungwa, ni kweli kwamba injini itachemka. Lakini kuiondoa si kuponya. Injini iendayo baridi hula petroli nyingi, oili yake huchafuka upesi, silinda huchakaa, na hita haitoi joto la kutosha. Katika injini nyingine maji hupita njia ya mkato bila kufika redieta, na joto likazidi kuliko kwanza. Heri themostati itumbukizwe katika sufuria ya maji juu ya moto. Maji yakikaribia kuchemka nayo isifunguke, inunuliwe nyingine.

Ikiwa hayo yote ni mazima na maji bado yapungua pasipo mvujo, gasketi ya silinda hedi ndiyo ya kushukiwa. Dalili zake ni mapovu yasiyokoma katika redieta injini ikizunguka, oili iliyogeuka rangi kama maziwa, na moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto. Magari mengi ya zamani yana silinda hedi ya aluminiamu, nayo hupinda upesi ikizidiwa na joto. Mkanda wa feni ni wa bei ndogo. Kuinyoosha silinda hedi ni kazi ya siku nyingi gereji, na viazi havingoji.

Akishikwa njiani, dereva mwenye busara hupunguza mzigo wa injini na kufungua hita yote pamoja na feni yake, ingawa atatoka jasho, kwa kuwa redieta hiyo ndogo huchukua sehemu ya joto. Mshale usiposhuka, husimama mahali pa salama na kuzima injini. Hafungui kifuniko maadamu redieta ni moto, maana maji yaliyobanwa huruka kama mvuke na kumbabua uso na mikono. Wala hamimini maji baridi katika injini iliyoungua, kwa maana chuma huweza kupasuka. Hungoja mpaka mkono uweze kukaa juu ya redieta, kisha hufungua kwa kitambaa kinene, polepole.

Maji ya mtoni yenye matope ni msaada wa siku moja. Akifika mjini na ayatoe, aoshe redieta, na kujaza maji safi yaliyochanganywa na kulanti, ambayo huzuia kutu hata katika nchi isiyo na barafu. Wahenga walisema kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Hewa baridi itokayo kwenye hita, huku mshale ukipanda, ndiyo ufa wenyewe.