Neno la Mhariri: Si Kila Kipimo cha DNA Kinamtafuta Baba

Mwambie mwanamume wa Dar es Salaam au Mombasa kwamba daktari anataka apimwe DNA, kisha umtazame usoni. Kabla hujamaliza kueleza, yeye ameshafika mahakamani. Masikioni mwetu neno hilo limebeba maana moja: kuna mtoto, kuna shaka, na kuna mtu anayetaka kujua baba halali ni nani. Tanzania ina Sheria ya Vinasaba vya Binadamu tangu mwaka 2009, na wengi wetu tumekijua kipimo hicho kwa kusikia habari za Mkemia Mkuu wa Serikali.

Toleo hili linahusu kipimo kingine chenye jina linalokaribiana na hilo. Chenyewe hakiulizi mtoto ni wa nani. Kinauliza kama vinasaba vilivyobebwa na mbegu za mwanamume ni vizima au vimekatika. Tumekipa kurasa nyingi kwa sababu kinagusa maswali mawili ambayo jamii yetu huyajibu haraka mno: nani achunguzwe ndoa inapokosa mtoto, na nani abebe lawama mimba inapotoka. Msimamo wa jarida hili ni huu: karatasi ya maabara iliyoandikwa "kawaida" isimtoe mwanamume kwenye uchunguzi, na kipimo kipya nacho kisichukue nafasi ya kumchunguza mwanamume mwenyewe.

Tuanze na karatasi hiyo. Mwaka 1677, Antonie van Leeuwenhoek wa mji wa Delft, Uholanzi, alitazama shahawa kwa hadubini yake akaona viumbe vidogo vyenye mikia vikiogelea. Ustadi umeongezeka sana tangu hapo, lakini kipimo cha kawaida cha shahawa bado ni kazi ya kutazama: tunahesabu mbegu, tunaangalia mwendo wake, tunakagua maumbo yake. Toleo la sita la mwongozo wa maabara wa Shirika la Afya Duniani, lililotoka mwaka 2021, linataja viwango vya chini vya kulinganishia: shahawa mililita 1.4, mbegu milioni 16 katika kila mililita, asilimia 42 ziwe na mwendo, asilimia 4 ziwe na umbo la kawaida.

Ni vema kujua namba hizo zimetoka wapi. Walichukuliwa wanaume ambao wenzi wao walishika mimba ndani ya miezi 12 ya kujaribu, wakapangwa kuanzia wa chini hadi wa juu, na mstari ukapigwa pale ambapo asilimia 5 kati yao wamebaki chini. Kwa hiyo wapo akina baba walio chini ya mstari, na wapo wanaume walio juu yake wanaongoja mtoto miaka na miaka. Mwongozo wenyewe unaonya kwamba mstari huo si ukuta wa kutenganisha anayezaa na asiyezaa. Hata hivyo, katika vyumba vingi vya ushauri neno "kawaida" likishaandikwa, faili la mume hufungwa na la mke huendelea kunenepa.

Hadubini haioni kilichomo ndani ya kichwa cha mbegu. Kichwa hicho kina urefu wa takriban maikromita 5, na ndani yake umekunjwa uzi wa vinasaba ambao ukinyooshwa hukaribia mita moja. Ili uzi huo uenee, mwili huondoa sehemu kubwa ya protini za histoni ambazo uzi huzungushiwa katika seli nyingine, na mahali pake huweka protamini, zinazoukaza mpaka unakuwa kama furushi lililofungwa kwa kamba nyingi. Katika kufungua na kufunga upya, uzi hukatwa kwa makusudi ili mikunjo ilegee, kisha huungwa. Mikato mingine husahaulika. Mingine hutokea baadaye, mbegu zikiwa njiani katika epididimisi, zinaposhambuliwa na molekuli kali za oksijeni. Wakati huo mbegu imeshakomaa, na uwezo wake wa kujitengeneza umekwisha kabisa au karibu kabisa.

Mambo yanayozidisha uharibifu huo yanajulikana: uvutaji wa sigara, joto la muda mrefu kwenye korodani, homa kali, maambukizi ya njia za uzazi, dawa za saratani na mionzi, umri mkubwa, kukaa siku nyingi bila kutoa shahawa, na varikoseli, yaani kuvimba kwa vena zinazotoa damu kwenye korodani. Mbegu iliyoharibika kwa namna hii inaweza kuogelea vizuri, ikawa na kichwa kizuri na mkia mzuri, ikafika kwenye yai na kulirutubisha.

Yai nalo si pokeo tu. Lina uwezo wa kuunga baadhi ya mikato iliyoletwa na mbegu, lakini uwezo huo hupungua kadiri umri wa mwanamke unavyosonga. Ndiyo maana namba ileile ya uharibifu inaweza kuwa na uzito mdogo kwa mke wa miaka 25 na uzito mkubwa kwa mke wa miaka 39. Uzazi ni wa watu wawili hata ndani ya seli moja.

Mikato ikizidi uwezo wa yai, kiinitete kinaweza kusimama kukua, au mimba ikashika kisha ikatoka. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walijumlisha tafiti 16 zenye wenzi 2,969, wakaona kwamba pale vinasaba vya mbegu vilipokuwa vimeharibika sana, hatari ya mimba kutoka ilikuwa takriban mara mbili. Nyingi ya mimba hizo zilitokana na matibabu ya uzazi, kwa hiyo tusiichukue namba hiyo kama kipimo cha kila nyumba. Lakini inatosha kutufanya tuulize swali ambalo hatujazoea kuliuliza.

Tunajua mambo yanavyokwenda nyumbani. Mimba ikitoka mara ya kwanza, watu husema pole. Ikitoka mara ya tatu, mawifi huanza kunong'ona, na mama mkwe huanza kukumbuka ndoto. Mwanamke hupimwa homoni, hupigwa picha za kizazi, hupimwa sukari na tezi ya shingo, hupelekwa kwa waganga na kwenye maombi. Mume humsindikiza, hukaa kwenye benchi nje, na swali pekee analoulizwa ni nani atalipa. Maneno "tasa" na "mgumba", ukiyasikia mtaani, mara nyingi yamemlenga mwanamke. Mwanamume akiguswa, mazungumzo hugeuka kuwa ya nguvu za kiume, kana kwamba anayeweza tendo la ndoa hawezi kuwa na tatizo la mbegu. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na kuvichanganya kumewagharimu wake wengi ndoa zao. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita hupitia ugumba katika maisha yake. Wanaume wamo katika hesabu hiyo.

Je, basi kila mwanamume apimwe uharibifu wa vinasaba? Jibu letu ni hapana, na tunataka sababu zieleweke.

Sababu ya kwanza ni kwamba jina ni moja lakini vipimo ni vingi. Mwaka 1980 Donald Evenson na wenzake nchini Marekani walieleza njia ya kutumia rangi ya akridini: vinasaba vizima hung'aa kijani, vilivyokatika hung'aa vyekundu, na mashine huhesabu maelfu ya mbegu kwa muda mfupi. Njia ya TUNEL hutia alama kwenye ncha zilizokatika. Njia ya kometi hupitisha umeme, na vipande vilivyokatika hutoka kichwani na kufuata nyuma kama mkia wa kimondo. Njia nyingine huviacha vinasaba vitawanyike: mbegu nzima hujizungushia duara la mwanga, iliyoharibika haifanyi hivyo, na kazi hii yaweza kufanywa kwa hadubini ya kawaida, jambo lenye maana kwa maabara zetu. Kila njia hupima kitu tofauti kidogo. Asilimia 25 ya njia moja haiwi asilimia 25 ya nyingine, na kiwango cha asilimia 30 kinachotajwa sana kilitokana na njia ya rangi. Ripoti inayotoa namba bila kutaja njia haimsaidii mtu.

Sababu ya pili ni kwamba miongozo yenyewe imekipa kipimo hiki nafasi maalumu, na nafasi hiyo si ya kwanza. Shirika la Afya Duniani limekiweka katika sura ya vipimo vya ziada. Vyama vya Marekani vya madaktari wa mfumo wa mkojo na wa tiba ya uzazi, katika mwongozo wao wa mwaka 2020, vilisema kisitumike katika uchunguzi wa awali, bali kifikiriwe pale mimba zinapotoka tena na tena. Madaktari wa Ulaya nao wanakielekeza kwa wenzi wenye mimba zinazotoka mara kwa mara na kwa wanaume ambao ugumba wao haujapata maelezo. Tunakubaliana na mwelekeo huo. Kipimo kina thamani pale jibu lake litakapobadilisha kitakachofanyika kesho yake.

Sababu ya tatu ndiyo inayotuumiza zaidi: namba ya kutisha hufungua pochi. Mwanamume aliyeambiwa kwamba vinasaba vyake vimekatika atanunua chochote, na wauzaji wa vidonge wanalijua hilo. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la Marekani lililohusisha wenzi 2,370. Wanaume walipewa asidi ya foliki na zinki kwa miezi sita, wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa. Watoto waliozaliwa hai hawakuongezeka, na uharibifu wa vinasaba ulikuwa juu kidogo kwa waliomeza virutubisho: asilimia 29.7 dhidi ya 27.2. Kabla ya kuandika au kuuza kopo jingine la vitamini za uzazi, tuikumbuke namba hiyo.

Kinachofaa kufanywa huanza na mambo yasiyo na matangazo. Mgonjwa aache sigara. Maambukizi yatibiwe. Varikoseli itafutwe kwa mkono, mwanamume akiwa amesimama, kwa kuwa upasuaji wa ile inayoshikika umeonekana kupunguza uharibifu huo. Aulizwe kama alipata homa kali miezi mitatu iliyopita, swali lisilofaa kusahaulika mahali ambapo malaria bado ipo. Mbegu huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, na siku nyingine kadhaa kupita katika epididimisi. Kwa hiyo kurudia kipimo baada ya wiki mbili ni kupoteza fedha. Asubiri miezi mitatu.

Tunawaomba wakuu wa kliniki wamwite mwanamume siku ya kwanza, si baada ya mke kumaliza vipimo vyote, na faili liwe na majina mawili. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini anayemtaka mwenzake ajifunue ampe kwanza chumba chenye mlango unaofungwa. Mwanamume anayepewa kikopo na kuelekezwa choo cha wagonjwa wote, huku foleni ikimtazama, hatarudi tena, na hatuna haki ya kumlaumu.

Maabara tunaziomba kila ripoti itaje njia iliyotumika, kiwango ambacho maabara hiyo imekithibitisha yenyewe, na siku ambazo mgonjwa alikaa bila kutoa shahawa. Madaktari tunawaomba wajiulize kabla ya kuagiza: jibu likija juu nitafanya nini, na likija chini nitafanya nini? Kama majibu ni sawa, fedha za mgonjwa zibaki mfukoni mwake. Lakini mke akiwa amepoteza mimba mara mbili au tatu na mume hajawahi kuguswa, wakati wa kuuliza umefika na umepita.

Tunarudi kwa yule mwanamume aliyesikia neno DNA akanyamaza. Mengi yataamuliwa na sentensi tatu za kwanza atakazoambiwa na muuguzi. Tunapendekeza hizi: "Kaka, hatupimi kama mtoto ni wako. Mimba zilizotoka zilikuwa zenu wote wawili, na dada huyu ameshapimwa kila tulichoweza kumpima. Sasa tunaomba tukuchunguze na wewe, ili asiendelee kulibeba jambo hili peke yake."

Akiambiwa hivyo, tunaamini wengi watakubali. Mke aliyekaa kando yake atakuwa amesikia pia, na huenda ikawa ndiyo mara ya kwanza mtu wa hospitali kumwambia, mbele ya mumewe, kwamba kosa halikuthibitishwa kuwa lake.